Gari lako la porini linahitaji chuma kiasi gani chini ya tumbo?

Ukimwambia fundi wa kuchomelea akufunikie gari chini, atafunika. Atachukua shiti ya milimita 5, aanzie kwenye bampa na kuishia kwenye tanki, na gari litatoka gereji limeongezeka kilo 100 na pua imeshuka. Mawe ambayo jana lilikuwa linayaruka, leo litayagonga. Wengi wanaopanda na kushuka milima ya huku Nyanda za Juu Kusini hupima kinga kwa unene wa chuma. Inapaswa kupimwa kwa mambo matatu: njia gari linayopita, mzigo linaobeba, na kifaa ambacho kikivunjika safari inaishia hapohapo.

Kwa Hilux, Prado au Land Cruiser inayotoka Mbeya kwenda Makete au Ludewa na mzigo wa kawaida, mara nyingi inatosha gadi (pleti ya kinga ya chini ya gari) moja nzuri ya mbele, kuanzia chini ya rejeta hadi nyuma ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Transfa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, ikining'inia chini kuliko chesisi, nayo ipewe ya kwake. Tanki lihakikishwe bado lina gadi yake ya kiwandani, maana kwenye magari mengi ya mtumba imeshang'olewa. Chuma kingine chochote kisifungwe mpaka gari lenyewe lionyeshe kwa mikwaruzo kwamba kinahitajika.

Anza na njia

Barabara zetu hazifanani, na kila moja ina namna yake ya kuumiza gari.

Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile njia ya kona 57 ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba, adui ni jiwe. Mawe huporomoka kutoka ukingoni hasa baada ya mvua, na huwa yamechongoka. Jiwe la namna hiyo hupiga sehemu moja kwa nguvu nyingi, karibu kila mara mbele ya ekseli ya mbele au kwenye sampo. Ni hivyo hivyo ukishuka kutoka Ludewa kwenda Lupingu. Hapa unene wa chuma una maana, na unahitajika mbele.

Mufindi, Kilolo na kwenye msitu wa Sao Hill mambo ni tofauti. Malori ya magogo huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo wa udongo katikati. Gari dogo likiingia kwenye mifereji hiyo linakalia tumbo, matairi yanazunguka bure. Udongo hauvunji sampo. Kinachokukwamisha ni kila kitu kinachojitokeza na kushika: krosimemba (chuma kinachokatisha kati ya pande mbili za chesisi), kishikio cha egzosi, ukingo wa gadi uliokatwa vibaya. Njia hizi zinataka tumbo laini. Pleti ya milimita 3 inatosha, mradi iwe ndefu na isiwe na kidato. Dereva naye ana kazi yake: tairi moja lipite juu ya mgongo na jingine nje ya mfereji, asiingie katikati ya nyayo za lori.

Rungwe na Busokelo mvua ni nyingi, udongo unateleza, na ndani yake kuna mawe meusi ya volkano ambayo huyaoni. Gari huserereka pembeni na kuegemea ukingo wa njia. Huko linaloumia ni ubavu: chini ya milango na ukingo wa tanki.

Bonde la Usangu, kuanzia Mbarali kwenda ndani, lina mfinyanzi mweusi. Mawe ni machache. Kila pleti unayofunga huko inageuka sinia la kubebea tope, na tope likikauka juu ya pleti linakuwa zito na gumu kama tofali. Kama kazi zako zote ziko Usangu, bakia na kinga ya kiwandani, na fedha ya chuma nunua matairi yenye meno mazuri.

Njia za ndani ya Ruaha na porini Chunya zina visiki vilivyofichwa na nyasi. Kisiki hupenya penye uwazi, kwa hiyo pleti yenye matundu makubwa haisaidii. Kwenye nyasi kavu kuna pia hatari ya moto, ambayo nitaieleza mbele.

Acha gari lijieleze

Kabla ya kukata chuma, paka chokaa chini ya gari. Koroga chokaa ya ukutani iwe nzito, lala chini mchana kweupe, na upake kila kinachoning'inia: gadi iliyopo, krosimemba, gia boksi, transfa, difu zote mbili (vivimbe vya gia kwenye ekseli), tanki, vishikio vya chini vya shokapu. Usiguse egzosi, breki, raba wala soketi za nyaya. Miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, chokaa haikai. Tumia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Kisha piga ruti yako ya kawaida mara mbili au tatu, na mzigo wako wa kawaida. Ukimaliza, osha chokaa yote, kwa sababu ikikaa inakula aluminiamu.

Alama zinasomeka hivi. Mstari mrefu mwembamba unaoelekea nyuma ni wa mgongo wa njia, na dawa yake ni ulaini. Alama fupi iliyobonyea ni ya jiwe, na dawa yake ni unene. Mkwaruzo wa kukatisha upande ni wa kuserereka. Chokaa ikibaki nzima kwenye transfa baada ya safari tatu za Matamba, pleti ya transfa si hitaji lako, hata kama jirani ameifunga.

Halafu pima. Jaza upepo kama kawaida, weka mzigo, simamisha gari juu ya zege tambarare, na kwa tepu pima kutoka chini hadi kila sehemu uliyoipaka. Andika. Vipimo vya kwenye kitabu cha gari ni vya gari tupu na jipya. Springi za nyuma zilizobeba mahindi gunia kumi zina habari nyingine.

Pima pia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Jimny ina milimita 2,250, Land Cruiser 78 ina 2,980, Hilux ya milango minne ina 3,085. Tuseme Jimny na Hilux zote zina uwazi wa milimita 250 katikati ya tumbo. Jimny itavuka kigongo chenye mkunjo wa nyuzi 25 bila kugusa, Hilux itagusa kwenye nyuzi 18 tu. Ndiyo maana gari refu linahitaji kinga ya katikati mapema, na gari fupi mara nyingi linahitaji ya mbele peke yake.

Kabla ya chuma, fikiria tairi. Ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hadi 804, na gari zima linainuka karibu milimita 13, difu ikiwamo. Springi ndefu haziinui difu ya ekseli nzima hata milimita moja. Ni tairi tu linaloweza. Na pleti ya milimita 4 pamoja na vichwa vya boliti hukunyang'anya milimita 10 hadi 15. Tairi hilo moja limerudisha ulichopoteza. Hakikisha tu halisugui matao wala bomba la breki usukani ukikatwa mpaka mwisho.

Nini kilindwe kwanza

Panga vifaa kwa swali moja: kikivunjika nikiwa Kitulo saa kumi na moja jioni, ninarudi au ninalala?

Sampo ya oili ndiyo ya kwanza, hasa ikiwa ya aluminiamu, kwa sababu haibonyei bali inapasuka, oili inamwagika kwa dakika chache na injini inakufa. Inafuata sehemu ya chini ya rejeta, halafu sampo ya gia boksi ya otomatiki, ambayo mara nyingi ni bati jembamba na iko chini kuliko gia boksi ya kubadilisha kwa mkono. Kisha tanki, hasa la plastiki. Transfa imetengenezwa kwa aluminiamu nene. Hustahimili zaidi ya watu wanavyodhani, lakini ikipigwa kwenye boliti ya kumwagia oili inavuja.

Difu za Land Cruiser 78 na nyinginezo za ekseli nzima ni chuma kigumu. Ziache zikwaruzwe. Kinga nzito ya difu inapunguza uwazi pale ambapo tayari ni pa chini kuliko pote. Kama boliti ya kumwagia oili imejitokeza, tafuta ile ya kuzama, inayofunguliwa kwa ufunguo wa ndani.

Kwa Hilux, Prado na Pajero, raba zinazofunika viungo vya shafti za matairi ya mbele huchanwa na vijiti, na hakuna pleti itakayozilinda. Zikague kila baada ya safari ya porini. Egzosi nayo usiifunike. Ibonyee tu, utanyoosha.

Unene, uzito na aina ya chuma

Chuma cha kawaida kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Gadi ya mbele ya mita 1 kwa sentimita 80 itakuwa karibu kilo 19 kwa milimita 3, kilo 25 kwa milimita 4, na kilo 31 kwa milimita 5. Aluminiamu ya milimita 6 ya ukubwa huohuo ni karibu kilo 13.

Milimita 2 ni ya kuzuia tope na kokoto tu. Milimita 3 iliyokunjwa kingo inatosha Jimny, Escudo na RAV4, na hata Hilux isiyobeba mizigo mikubwa. Milimita 4 ni ya Hilux, Prado na Land Cruiser zinazopanda Matamba au kushuka Lupingu zikiwa zimebeba. Milimita 5 ifungwe pale tu milimita 4 iliyofungwa vizuri imeshakunjwa na mawe. Mara nyingi utakuta kilichokunjika ni pleti iliyoachwa bila mbavu, yaani vyuma vya kuikaza.

Kukunja ndiko kunakotia nguvu. Kunja kingo za kushoto na kulia zisimame milimita 25 kwenda juu. Mbele panda kwa nyuzi 30 hadi 45, ili jiwe liteleze badala ya kusimamisha gari. Kama kati ya boliti na boliti kuna zaidi ya sentimita 50 ambazo hazijashikwa, chomelea juu ya pleti fletibaa mbili za milimita 40 kwa 6, zikielekea mbele na nyuma. Milimita 3 yenye mbavu inashinda milimita 4 bapa.

Aluminiamu ni nyepesi, lakini jiwe linaiuma na kuishika, wakati chuma kinateleza juu ya jiwe. Pia mafundi wanaoweza kuichomelea vizuri si wengi. Kwa njia za mawe za huku, chukua chuma. Usitumie pleti yenye maua upande wa chini. Yale maua hushika mawe na mizizi.

Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya milimita 3 ina kilo 70 hivi na inatoa gadi mbili au tatu. Wenye magari wawili wakichangia, hakuna mabaki ya kutupa.

Kukata na kufunga

Tengeneza kielelezo cha boksi la karatasi kwanza. Libane chini ya gari, chora mahali pa boliti zilizopo kwenye krosimemba na chesisi, na utumie matundu ya kiwandani kadiri inavyowezekana. Usichomelee pleti kwenye chesisi. Moto huidhoofisha na kuanzisha kutu ndani usikoona, na siku ya kubadilisha klachi utahitaji grenda. Kama lazima uchomelee kishikio chochote garini, ondoa kwanza nyaya za betri.

RAV4, Harrier na magari mengine yasiyo na chesisi yafungwe kwenye fremu ndogo inayobeba injini, kamwe si kwenye bati la bodi wala kwenye bampa. Bampa imetengenezwa ikunjike ajalini. Ukiifunga na fremu kwa pleti ngumu, umeharibu hesabu hiyo.

Boliti ziwe za daraja 8.8, namba hiyo imepigwa kichwani. Tumia M10 (unene wa milimita 10) kwa magari madogo na M12 kwa mazito, zisipungue sita kwa gadi ya mbele, kila moja na wosha pana. Vichwa vikijitokeza, mawe huvinoa mpaka spana haishiki. Chomelea kikombe cha bomba kuzunguka tundu ili kichwa kizame, au tumia boliti za kichwa bapa. Paka grisi kwenye nyuzi, tumia nati zenye plastiki ndani, kwa sababu mawimbi ya barabara ya vumbi hulegeza nati za kawaida. Kwa spana ya kupimia nguvu, kaza M10 kwa Nm 45 na M12 kwa Nm 80 hivi. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.

Kati ya pleti na sampo acha uwazi usiopungua milimita 25. Injini hucheza juu ya maunti zake, yaani raba zinazoishikilia. Uwazi ukiwa mdogo utasikia mlio wa chuma kila unapotoa klachi.

Pleti zikiwa mbili, zipange kama mabati ya paa: ukingo wa nyuma wa pleti ya mbele upite chini ya ukingo wa mbele wa ile ya nyuma. Zikipangwa kinyume, jiwe linaingia kwenye mwanya na kuibandua pleti ya pili kama kifuniko cha kopo. Na ukirudi rivasi kwenye mawe, rudi polepole, maana upande huo ndio wenye mwanya.

Toboa tundu la milimita 60 hadi 70 sawa na boliti ya kumwagia oili, na jingine chini ya filta kama inafunguliwa kutoka chini. Bila hayo fundi wako atashusha pleti kila servisi, na siku moja hatairudisha. Sehemu ya chini kabisa weka matundu manne ya milimita 12 ya kutolea maji. Kwa gia boksi ya otomatiki ongeza nafasi nyembamba za milimita 10 zinazotazama nyuma, hewa ya moto itoke. Ukishafunga, panda Kitonga au mlima wowote mrefu unaoufahamu. Sindano ya joto ikipanda kuliko ilivyozoea, umeziba hewa, ongeza nafasi.

Jaribio la udongo wa mfinyanzi

Finyanga vitonge vinne vya udongo wa mfinyanzi laini, vinene kidogo kuliko ule uwazi kati ya pleti na sampo, uvipake mafuta juu visinate. Vipange juu ya pleti chini ya sampo na ufunge. Kisha weka jeki ya magurudumu katikati ya pleti juu ya kipande cha ubao, na uinue taratibu hadi springi za mbele zianze kufunguka. Matairi yabaki chini, mtu asiingie chini ya gari. Kwa gari lisilo na chesisi inua kidogo tu. Shusha, fungua, pima vitonge. Vikiwa vimebaki na milimita 10 au zaidi, gadi yako inafanya kazi. Vikiwa vimesagwa kama chapati, jiwe litaigongesha pleti kwenye sampo, na hapo pleti imegeuka nyundo. Ongeza mbavu kabla ya kufikiria unene.

Ubavuni

Vyuma vya chini ya milango vinahitajika Rungwe na kwenye mifereji ya Mufindi wakati wa mvua. Kwingineko ni uzito tu. Tumia bomba la milimita 48 hadi 60 lenye ukuta wa milimita 3, lishikwe kwenye chesisi kwa mikono mitatu kila upande. Vile vya kupandia vilivyofungwa kwenye bodi havilindi kitu. Gari likiegemea vinasukuma bati la mlango ndani. Jaribu kwa jeki katikati ya bomba: gari liinuke bila bomba kugusa bodi.

Matunzo

Shusha pleti mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi kabla ya mvua na mwezi wa tano zikiisha. Osha, kwangua kutu, paka rangi, tazama nyufa kwenye mikunjo na kwenye chesisi kuzunguka matundu ya boliti. Kila utokapo kwenye tope piga maji juu ya pleti kupitia matundu, siku hiyohiyo, kabla halijakauka.

Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, tope linapokwisha nyasi zinaanza. Majani makavu na mbegu hujaa juu ya pleti, na pale zinapokaribia egzosi au kichujio cha moshi cha dizeli huwaka. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama kila baada ya nusu saa mahali pasipo na nyasi, chungulia kwa tochi, ondoa kwa waya uliopindwa, mkono usiingie penye moto. Ikiwa ruti yako ni ya nyasi miezi hiyo yote na chokaa imeonyesha pleti ya katikati haigongwi, ishushe Juni na uiache nyumbani hadi mvua zirudi.